Presha Moja, Mioyo Miwili

Ndugu msomaji, bila shaka umekwisha kufungwa ule mpira wa mkononi. Kama si wewe, basi ni mama yako au mjomba wako. Wanaujaza upepo mpaka mkono unakufa ganzi, halafu wanaulegeza, na mwishowe wanakuandikia namba mbili katika daftari, 150 kwa 95 mathalani. Unalikunja daftari lako na kurudi nyumbani. Jirani akikuuliza, unamjibu, "Nina presha." Naye anaitikia, "Hata mimi." Basi maneno yamekwisha, kana kwamba nyote wawili mna ugonjwa mmoja.

Leo nataka kukuonyesha kwamba sivyo. Namba zaweza kuwa zile zile kabisa, lakini kazi ambayo presha inaifanya ndani ya kifua cha kijana wa miaka 35 si sawa na ile inayoifanya kifuani mwa mzee wa miaka 70. Wala moyo wa mwanamke hauharibiki kwa njia ile ile unavyoharibika moyo wa mwanamume. Usidhani kwamba haya ni mambo ya wataalamu tu. Katika vijiji vyetu vya kandokando ya ziwa watu wanazikwa kwa sababu jamaa zao hawakuyajua.

Mimi si daktari. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Ukerewe mpaka nilipostaafu. Mimi nina presha, na mama watoto anayo vile vile. Yangu iligunduliwa nikiwa na miaka 48, na yake alipokuwa na miaka 59. Kwa hiyo mabenchi ya hospitali tunayafahamu, na juu ya mabenchi hayo mtu husikia mengi. Mengine nimeyasoma, maana mwalimu hata akistaafu haachi kuuliza maswali.

Kwanza tuelewane juu ya zile namba. Moyo ni mfuko wa nyama, ukubwa wake kama ngumi ya mwenyewe. Kwa siku moja hupiga mapigo kama 100,000, na kila dakika husukuma lita kama 5 za damu. Namba ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unapojikaza na kusukuma. Namba ya chini ni nguvu inayobaki katika mishipa wakati moyo unapojilegeza ili ujae tena. Mtu akipimwa siku mbalimbali na kuonekana ana 140 kwa 90 au zaidi, basi ana shinikizo la juu la damu, ndilo hilo tunaloliita presha.

Sasa sikiliza mfano. Babu yangu alikuwa akitusimulia habari za Warongo, wale mafundi wa chuma wa upande wa Uzinza, na mivukuto yao ya ngozi. Mvukuto una kazi mbili, si moja. Kazi ya kwanza ni kutoa upepo na kuupuliza motoni. Kazi ya pili, ambayo watu huisahau, ni kufunguka na kuvuta upepo mwingine ndani. Ngozi ikichakaa na kutanuka ovyo, upepo umejaa tele lakini hausukumwi kwa nguvu. Lakini ngozi ikikauka na kuwa ngumu kama ubao, hata fundi awe na mikono kama ya Samsoni, hapati kitu, kwa sababu hakuna upepo ulioingia. Katika hali zote mbili moto unafifia.

Moyo nao huchoka kwa njia hizo mbili. Presha ikikaa miaka mingi, moyo unasukuma damu katika mishipa iliyokaza, kama mvuvi apigaye kasia kuelekea upepo unakotoka. Mikono ya mvuvi yule hutuna misuli, na kuta za moyo nazo hunenepa. Mtu aweza kudhani kwamba msuli mnene ni jambo jema. Katika moyo si jema, maana ukuta mnene huwa mgumu, na baadaye hudhoofika.

Hapa ndipo njia zinapoachana. Kwa wanaume, mara nyingi zaidi kuliko kwa wanawake, moyo hunenepa, kisha chumba chake hutanuka, na nguvu ya kusukuma hupungua. Huo ni ule mvukuto uliolegea. Kwa wanawake, hasa wakifika umri mkubwa, mara nyingi zaidi chumba hubaki kidogo, kuta huwa nene na ngumu, nguvu ya kusukuma hubaki nzuri, lakini moyo haufunguki sawasawa kupokea damu. Huo ni mvukuto uliokauka. Nasema mara nyingi, sisemi kila mara. Wako wanaume wenye moyo mgumu na wako wanawake wenye moyo uliotanuka. Lakini tofauti hii imeonekana katika nchi nyingi, wala si uvumi wa mabenchini.

Katika nyumba yangu tunazo zote mbili, ndiyo maana nathubutu kuandika.

Mimi nilipokuwa na miaka 58 nilipigwa picha ya moyo, ile inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Hufanyi lolote ila kulala kwa ubavu wa kushoto, na mtaalamu anakupaka mafuta baridi kifuani na kupitisha kidude chake huku akitazama kioo. Moyo ulio mzima, kila unapojikaza, hutoa kiasi cha sehemu 55 mpaka 70 katika 100 za damu iliyomo. Wangu ulikuwa unatoa 38. Hapakuwa na ubishi. Kila aliyeiona karatasi ile alisema, "Mwalimu, una ugonjwa wa moyo," nikapewa dawa siku ile ile.

Mama watoto hakupata bahati hiyo. Alipokuwa na miaka 62 alianza kuishiwa pumzi. Mwanzo ilikuwa akitoka ziwani na ndoo. Halafu ikawa akitoka jikoni kwenda uani. Usiku alitaka mito mitatu chini ya kichwa, naye ni mtu aliyezoea kulala kwenye mkeka bila mto wowote. Jioni miguu ilimvimba, ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Tukaenda mahali fulani pa matibabu, sitapataja jina. Wakampima: 168 kwa 78. Wakasikiliza moyo wake, wakasema unapiga vizuri na kwa nguvu. Namba ya chini nzuri, wakasema. "Mama, huu ni uzee, na mwili umekuwa mzito kidogo. Punguza mawazo, upumzike." Wakampa vidonge vya maumivu.

Tulikwenda pale mara tatu katika mwaka mmoja, tukaambiwa yale yale. Na majirani, kwa nia njema, walikuwa na maneno yao. Mmoja alisema ni pumu. Mwingine alisema miguu ikivimba hivyo yafaa kutafuta aliyeufanya ubaya huo, na hapo ndipo nilipomtoa nje kwa heshima zote.

Mwishowe binti yetu anayekaa Mwanza alimchukua mama yake kwa meli ya Nansio, akampeleka Bugando, hospitali ile ya rufaa ya maaskofu iliyo juu ya kilima, iliyofunguliwa mwaka 1971. Daktari aliyempiga picha alikuwa kijana wa kike. Alitazama kioo kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mama, moyo wako unasukuma vizuri sana. Sehemu 65 katika 100."

Mke wangu akamjibu, "Basi mwanangu, mbona sipumui?"

"Kwa sababu haujazi, mama. Unasukuma vizuri hicho kidogo ulicho nacho."

Msomaji, jibu lile lilikuwa fupi, lakini lilitufumbua macho. Moyo usipofunguka sawasawa, damu inayotoka mapafuni hukosa mahali pa kuingia, ikarudi nyuma na kujaa mapafuni. Ndiyo maana mtu hukohoa usiku na kutaka mito mitatu. Tena moyo wa namna hii hauwezi haraka. Moyo ukipiga mbio, muda wa kujilegeza na kujaa unakuwa mfupi zaidi. Kwa hiyo mgonjwa akikaa kitini hana neno, unamwona mzima kabisa, unamwambia anadeka. Apande mlima mdogo tu na ndoo kichwani, anaanguka.

Tazama sasa jinsi mama huyu alivyokaribia kupotea. Anayeangalia nguvu ya kusukuma peke yake atawakuta wanaume wengi, lakini wanawake wengi watampita. Hata katika afya njema moyo wa mwanamke ni mdogo kuliko wa mwanamume, na kwa kawaida hutoa sehemu kubwa kidogo zaidi ya damu yake kwa kila pigo. Kwa hiyo kumwambia mwanamke, "Moyo wako unasukuma vizuri," ni kumjibu nusu ya swali.

Na ile namba ya chini iliyosifiwa, 78? Hapo tunaingia katika habari ya umri.

Mishipa mikubwa ya damu ya kijana inavutika kama mpira mpya wa baiskeli. Moyo ukisukuma, mishipa inatanuka kidogo, halafu inarudi na kuisukuma damu mbele. Miaka ikienda, mpira hukakamaa. Basi moyo ukisukuma, mishipa haitanuki, na namba ya juu inapanda. Moyo ukijilegeza, mishipa haina cha kurudisha, na namba ya chini inashuka. Ndiyo sababu kwa kijana mwenye presha mara nyingi namba zote mbili ziko juu, lakini baada ya miaka 55 au 60 ya juu huendelea kupanda na ya chini huteremka. Namba hizo mbili zikiachana mbali, kama 168 na 78, hiyo si dalili ya afya, ni dalili ya mishipa iliyokauka. Zamani wako waliofundishwa kwamba namba ya juu ya mzee yaweza kuwa 100 pamoja na umri wake, na hilo ni sawa tu. Mwaka 1991 huko Marekani walitangaza matokeo ya kuwatibu watu wa miaka 60 na zaidi ambao namba ya juu tu ndiyo iliyokuwa mbaya. Waliopewa dawa walipata kiharusi pungufu kwa zaidi ya theluthi moja. Tangu siku ile hesabu ya "100 pamoja na umri" ilipaswa kuzikwa, lakini mimi bado naisikia.

Juu ya umri, mwanamume na mwanamke hawaendi mwendo mmoja. Katika ujana presha huwapata wanaume zaidi. Wanawake huja nyuma, halafu baada ya kukoma kuona siku zao, wanawafikia wanaume, na wakipita miaka 60 hivi wengi huwapita. Inafikiriwa kwamba ile nguvu ya mwili inayoleta uzazi hulegeza mishipa, nayo ikiondoka ulinzi huo unapungua. Lakini usidhani kwamba mambo huanza siku hiyo. Mwaka 2020 wataalamu wa Marekani walitoa hesabu za vipimo vya watu zaidi ya 32,000 waliofuatwa kwa miaka mingi, wakaona kwamba presha ya mwanamke, ingawa huanzia chini, hupanda kwa kasi zaidi kuliko ya mwanamume tangu ujana wake. Basi yule anayeambiwa akiwa na miaka 62 kwamba ni uzee tu, huenda njia yake ilianza akiwa na miaka 30.

Na hili neno "uzee tu" ndilo linaloniudhi kuliko yote. Hebu nikupe habari moja ya ziwa letu wenyewe. Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, jina lake Donnison, aliandika juu ya watu wa wilaya ya South Kavirondo huko Kenya, wilaya iliyofika mpaka ufukoni mwa ziwa letu. Alikuwa na hospitali pale Kisii. Kwa muda wa miaka miwili walilazwa wagonjwa wapatao 1,800, naye hakumwona hata mmoja mwenye presha. Akapima watu wapatao 1,000 waliokuwa wazima. Mpaka miaka kama 40 presha yao ilikuwa sawa na ya Wazungu. Baada ya hapo ya Wazungu hupanda, lakini ya wazee hawa ilikuwa inashuka! Ni kweli siku zile hakuna aliyekuwa na cheti cha kuzaliwa, na umri ulikuwa wa kukisia. Hata hivyo wagonjwa 1,800 si wachache. Kama presha ni uzee, wazee wale walikuwa na uzee wa namna gani?

Miaka 50 na zaidi ikapita. Katika miaka ya 1980 wataalamu waliwafuata Wajaluo waliotoka vijijini karibu na ziwa wakaenda kutafuta kazi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Habari zao zilitolewa mwaka 1990. Baada ya muda mfupi tu wa kukaa mjini, presha ya wahamiaji ilikuwa imekwisha panda kuliko ya waliobaki. Walikuwa wanakula chumvi nyingi zaidi, na ule madini wa matunda na mboga umepungua, na uzito umeongezeka. Watu wale wale, ukoo ule ule, umri ule ule.

Siku hizi hata huna haja ya kwenda Nairobi, mji umetufuata wenyewe vijijini. Hesabu ya taifa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba karibu robo ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na presha, wanawake na wanaume karibu sawa. Na pale Bugando, waliandika sababu za kulazwa na kufa kwa wagonjwa tangu mwaka 2009 hadi 2011. Mwaka 2013 wakatangaza: katika kuua, UKIMWI ulikuwa wa kwanza, na magonjwa yatokanayo na presha yalifuata. Lakini kwa watu waliopita miaka 50, presha ndiyo iliyoongoza. Ni kiharusi, ni figo, ni moyo.

Tena sisi tunaugua mapema. Mwaka 2012 zilitolewa habari za wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kazi katika nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, na sababu kubwa ilikuwa presha. Pale Muhimbili, Dar es Salaam, wastani ulionekana kuwa miaka 55. Huko Ulaya wagonjwa wa namna hiyo kwa kawaida wamepita 70. Wao wanalia babu, sisi tunalia baba mwenye watoto shuleni.

Hapa nageukia kwa vijana wetu wa kiume. Wewe unayetoka na karabai usiku kuvua dagaa, una miaka 36, kifua kama mlango wa ghala, utaniambia, "Mwalimu, mimi siumwi." Najua. Presha hailii. Mkeo amepimwa mara nyingi kwa sababu ya mimba na kliniki ya watoto. Wewe hujapimwa tangu uzaliwe, na katika umri wako wewe ndiwe uliye hatarini kuliko yeye. Miaka kumi ya namba 160 kwa 105 bila kujua, pamoja na gongo na sigara, inatosha kuutanua moyo ule mpaka ushindwe. Siku hizi hata baadhi ya maduka ya dawa yana mashine za kupimia. Inachukua dakika kumi.

Kwa upande wa wanawake liko jambo lingine. Mama aliyepata presha kubwa katika mimba, au kifafa cha mimba, mara nyingi huambiwa baada ya kujifungua kwamba imekwisha. Kweli namba hushuka. Lakini hatari yake ya kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi miaka ya mbele ni kama mara mbili ya mwenzake ambaye hakuupata. Basi mama kama huyo apimwe kila mwaka, hata kama ana miaka 28. Tena wako wanawake ambao moyo hulegea katika mwezi wa mwisho wa mimba au katika miezi mitano baada ya kujifungua, na miguu ikivimba na pumzi ikikatika watu husema ni uzazi. Mzazi asiyeweza kulala chali kwa kukosa pumzi apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa utauliza: mtu akiisha kuwa mzee, je, dawa zafaa kitu? Wako watoto wanaosema, "Bibi ana miaka 82, tumwache apumzike na vidonge." Mwaka 2008 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa watu 3,845 wenye miaka 80 na zaidi, wote wenye presha. Nusu walipewa dawa za kawaida za bei nafuu, nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa. Katika waliotibiwa, moyo kushindwa kazi kulipungua kwa zaidi ya nusu, na vifo vikapungua kwa kiasi cha mmoja katika watano. Ndugu msomaji, hao walikuwa na miaka 80 na zaidi! Ni kweli mzee sharti atibiwe kwa uangalifu, aanze na dozi ndogo, asiinuke kitandani kwa ghafula asije akaona kizunguzungu na kuanguka. Lakini uangalifu ni kitu kingine, na kumwacha ni kingine.

Ule moyo uliokauka, kwa miaka mingi waganga walikosa dawa yake hasa. Walishusha presha, wakatoa maji mwilini kwa vidonge vya kukojoza, basi. Tangu mwaka 2021 imejulikana kwamba dawa moja iliyotengenezwa kwa ajili ya kisukari inawasaidia wagonjwa hao wasilazwe mara kwa mara, hata wasio na kisukari. Kwa mkulima bei yake bado ni nzito. Mama watoto alianza na ile ya kukojoza na mbili za kushusha presha, na mito mitatu ikawa mmoja kabla ya mwezi kwisha. Mbuzi wawili walikwenda mnadani kwa ajili ya nauli na vipimo, na sijawahi kuwauza mbuzi kwa moyo mkunjufu kama siku ile.

Jikoni kwetu kumebadilika kidogo. Kiasi cha chumvi kinachofaa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa kilima, na hiyo ni pamoja na ile iliyokwisha kutiwa katika vyakula vya dukani. Moyo mgumu hasa hauvumilii chumvi, maana chumvi huvuta maji, na maji hayo hayana pa kwenda. Dagaa waliokaushwa juani bila chumvi hawana neno, na sato mbichi hana neno. Lakini kayabo, yule sangara wa chumvi, sisi tumemwachia msafiri. Machungwa ya Ukerewe, mchicha na ndizi ni vyema, ila mwenye figo mbaya amwulize daktari kwanza.

Na unapokwenda kupimwa, usifike unatweta ukakimbilia kukaa. Pumzika dakika 5, egemeza mgongo, weka miguu chini, mkono ulale mezani, nyamaza. Pimwa mara mbili. Andika namba zote mbili, wala usiridhike na mtu anayekutajia ya chini peke yake.

Kama wewe au mama yako mmekwisha kupata presha na pumzi inakatika, ombeni picha ya moyo. Hapo Bugando ipo, na huko Dar es Salaam iko taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015. Picha ikiisha, mwulize daktari maswali mawili. La kwanza: moyo unasukuma namna gani? La pili: moyo unajaa namna gani? Akikujibu la kwanza tu na kufunga faili, kaa papo hapo kwenye kiti, umwulize tena la pili.